Kioo Nilichokiita Kibovu

Ukitaka kujua kama kioo ni cha gari, usikigonge. Mimi zamani nilikuwa nakigonga. Nilikunja kidole, nikagonga mara mbili, nikatega sikio, halafu nikawaambia watu kwa sauti ya mtu anayejua: hiki kizima. Siku hizi naangalia kwenye kona, chini, ambako pana chapa ndogo iliyochomwa ndani ya kioo chenyewe, herufi na namba ambazo hata ukizisugua kwa wembe hazitoki. Isipokuwepo, sikiweki, hata mwenye gari anune mpaka jioni. Hapa Korogwe ninapofanyia kazi, jirani na stendi, wananiita mkorofi. Sawa tu.

Kabla ya kuhamia huku nilikuwa Handeni, nakata vioo vya madirisha na vya fremu za picha za harusi. Nilikuwa najisikia, sifichi. Katika mji ule hakukuwa na mtu wa kukata kioo kikanyooka kama mimi, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na Landrova kuukuu aliyoinunua kwenye shamba la mkonge walipokuwa wanauza magari yao mabovu. Alibebea mahindi, siku nyingine watu. Nyuma ilikuwa na mabenchi mawili ya kutazamana, kwa hiyo ukikaa, kichwa chako kinakuwa sambamba na kioo cha ubavuni. Vioo vyenyewe vilikuwa bapa kabisa, havikupinda popote, ndiyo maana nikaviona sawa na vya nyumba. Kimoja kilivunjwa na pembe ya ng'ombe mnadani. Shemeji akahangaika mpaka Korogwe, akapata kingine kwa wauza vyuma chakavu, akaniletea asubuhi moja kimefungwa kwenye gunia.

"Kimezidi kidole kimoja," akasema. "Wewe si ndiye bingwa? Kipunguze." Akaniachia gari, akaenda kunywa chai.

Nikakilaza mezani. Nikapima, nikaweka rula, nikashika almasi, ile kalamu yetu ya kukatia, nikavuta mstari kama nilivyovuta maelfu kabla yake. Nikakibonyeza kidogo pale kwenye mstari. Kikapasuka chote kwa mpigo mmoja. Hakikuvunjika vipande, kilimwagika. Meza nzima ilijaa punje kama chumvi ya mawe, nyingine zikaingia kwenye kandambili zangu, nyingine ndani ya shati. Nikazizoa kwa mikono miwili, nikazitupa kwenye ndoo.

Nilizizoa kwa mikono mitupu, na sikutoka hata tone la damu. Hilo nalirudia kwa sababu kila kitu nilichohitaji kujua kilikuwa mikononi mwangu, na mimi nikacheka. Nikasema peke yangu, shemeji kapigwa, kauziwa kioo kibovu kisichohimili hata kuguswa. Nikachukua kioo changu cha dirisha, kizito, nikakikata vizuri sana, nikakipachika na mpira wake. Nikakigonga mara mbili. Aliporudi nikamwambia, "Kile chako kilikuwa kibovu, kimemwagika chenyewe. Nimekuwekea kilicho imara zaidi." Akanishukuru.

Mchana ule ule tukasafiri kwenda kumwona mgonjwa Makuyuni. Mimi nilikaa mbele na shemeji. Mke wangu alikaa nyuma na wanawake wengine wawili, upande wa kioo kipya. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa utelezi mtupu. Shemeji alikuwa na haraka kidogo, siyo sana. Kwenye kona moja gari likaserereka taratibu, likaenda kuegemea mti ulio kando ya njia. Halikupinduka. Halikuzimika hata. Tawi liligusa ubavu wa nyuma, tukasikia kioo, halafu tukamsikia mke wangu. Alikuwa amegeuza uso kuangalia nje.

Wale wanawake wawili hawakuchubuka. Yeye alipoteza jicho la kushoto.

Hospitalini daktari aliniita kwenye ujia. Alikuwa na bakuli la chuma lenye kipande kirefu kama kidole cha shahada, kimechongoka. Hakuwa amekasirika, alikuwa anashangaa tu. "Hili gari lina vioo vya namna gani?" akaniuliza. "Vya ubavuni huwa havivunjiki hivi."

Shemeji alikuwa nje, anaandika maelezo kwa polisi. Nikamjibu daktari, "Sijui. Gari si langu."

Wazee wa upande wao walikaa kikao. Shemeji hakujitetea. Alisema aliendesha kwa pupa, kosa ni lake, na mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka ule ule, na sikufumbua mdomo. Wakaamua ampelekee dada yake mbuzi, amwombe radhi mbele ya watu. Akafanya hivyo Idd kubwa iliyofuata. Alimkabidhi kamba kwa mikono miwili, akasema, "Dada, nilikuumiza. Naomba radhi." Mke wangu akaipokea kamba. Wazee walitaja mbuzi mmoja, lakini shemeji akaleta mwingine mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Landrova aliiuza kwa bei ya kutupa, akahamia Makuyuni kulima, na tangu siku ile hajashika usukani. Mke wangu alikuwa anaipokea kamba kila mwaka, ila yeye na kaka yake, waliokuwa wakitaniana mpaka majirani wanachungulia, walibaki na salamu na kamba basi. Mbuzi tulichinja. Nyama nilikula.

Tulipohamia Korogwe nikaomba kazi kwa mzee mmoja wa vioo vya magari. Siku ya kwanza akanipa kioo cha mlango kilichochubuka, akaniambia nikivunje kwa nyundo nikione. Kikamwagika punje zile zile. Akachota kiganja kimoja, akanimiminia mkononi kama anayegawa karanga. "Hiki kimepikwa kwenye moto mkali, kikapozwa ghafla makusudi," akasema. "Kikivunjika kisimkate mtu. Ukimwona mtu anapachika kioo cha nyumba kwenye gari, huyo mwite muuaji."

Nikasema ndiyo mzee. Nikafunga ngumi, nikaenda nyuma ya karakana. Nilitegemea nitalia au nitatapika, lakini hakuna kilichokuja. Nilikufa ganzi tu, kama mguu ulioukalia vibaya, isipokuwa mguu huwa unaamka. Nikarudi, nikaendelea na kazi. Watu wananiuliza kwa nini sikusema siku ile. Hapana, hakuna anayeniuliza, maana hakuna ajuaye. Najiuliza mwenyewe, na jibu langu ni kwamba niliogopa siku ya kwanza, na kila siku iliyofuata ilikuwa ngumu kidogo kuliko ya nyuma yake. Nilianza kukaa upande wake wa kushoto, kwenye kiti, mezani, njiani. Sikupanga. Upande huo hauoni uso wangu.

Idd kubwa ya mwaka huu, binti mkubwa wa shemeji, ambaye ni mwalimu, alinunua gari, akasema atatuchukua wote kwenda Handeni kwa bibi yake. Alimchukua baba yake Makuyuni na mbuzi wa mwaka huu, wakatupitia sisi Korogwe. Yeye alikuwa kwenye usukani, shemeji kando yake, sisi wawili nyuma, mbuzi kwenye buti amefungwa miguu juu ya gunia. Mke wangu nyuma ya dereva, mimi kushoto kwake, kama kawaida.

Lilikuwa gari la kisasa kweli. Vilipopandishwa vioo, kelele zote za barabarani zikabaki nje, mpaka nikasikia mbuzi anavyotafuna. Jua la saa sita lilikuwa linawaka, lakini ndani halikuchoma, kwa sababu vioo vyenyewe vimetiwa rangi kidogo, na juu ya kile cha mbele pana ukanda wa kijani wa kumkinga dereva macho. Nikaangalia kona ya mlango wangu. Chapa ilikuwepo. Nikaangalia ya mlango wa mke wangu. Ilikuwepo. Huwa siwezi kupanda gari bila kufanya hivyo, na yeye anajua ila hajawahi kuniuliza.

Tulikuwa tumeiacha Korogwe nyuma kitambo, lori la kokoto likatupita kwa fujo. Jiwe likaruka, likapiga kioo cha mbele, usawa wa uso wa shemeji. Mlio ulikuwa mkubwa. Binti akapunguza mwendo, akasimama kando. Kioo kilikuwa kimechora nyota yenye miguu mirefu, lakini kilikuwa pale pale. Hata vumbi halikuingia. Shemeji alikuwa ameinua mikono miwili mbele ya uso, na hakuishusha kwa muda mrefu.

"Baba, jiwe halijaingia," binti akamwambia. "Shusha mikono."

Mke wangu akainama mbele, akakitazama kile kioo kwa jicho lake moja.

"Mbona hiki hakijavunjika?" akauliza. Alikuwa ananiuliza mimi, maana ndiyo kazi yangu.

"Kimevunjika," nikasema. "Ila hivyo ni vioo viwili vimegandishwa pamoja, katikati pana utando kama nailoni. Kikipasuka utando unavishika. Cha mbele ndivyo kilivyo."

"Na hivi vya pembeni?"

"Vya pembeni vinamwagika. Vinakuwa punje, hazikati."

Akakigusa kile cha mlango wake kwa kidole. Binti alikuwa anapapasa ufa kwa ndani, akashangaa kwamba ni laini. Shemeji akageuka nyuma taratibu.

"Punje kama chumvi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kama kile nilichokuletea kwenye gunia."

Ningeweza kuuchuna tena. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini kiganja chake kimoja kilikuwa bado kimekinga uso, mtu mzima yule, na mbuzi alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake.

"Kile kilikuwa kizima," nikasema. "Nilikivunja mimi, nikakiita kibovu. Nikakuwekea cha dirisha la nyumba. Gari lako liliegemea mti tu, shemeji. Kingekuwa kile chako, angekung'uta punje kwenye khanga tukaendelea na safari."

Binti aliangalia mbele. Nikasubiri kujisikia mwepesi, maana nilishasikia watu wakisema ukitubu unakuwa mwepesi. Sikujisikia chochote.

"Ulijua lini?" Huyo alikuwa mke wangu. Hakugeuka.

"Tulipohamia Korogwe. Lakini hospitalini daktari aliniuliza, nikamwambia sijui."

"Bibi anatusubiri," akamwambia binti. "Twende."

Tukaenda mpaka Handeni na nyota ile mbele yetu. Shemeji alikuwa anaitazama njia nzima. Mahali fulani nikaona mgongo wake unatikisika, nikajua analia, na analia kimya kimya kama mtu aliyekatazwa.

Tulipofika kwa mama mkwe, uani palijaa watu na watoto wa Idd. Mke wangu akashuka, akamwamkia mama yake, akasimama karibu na mlango. Shemeji akafungua buti, akamfungua mbuzi miguu, akamshusha. Watu wakasogea kidogo kumpa nafasi, kwa sababu kila mwaka anafanya hivyo na wanajua maneno yake. Akanijia mimi. Akanitia kamba mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Mimi nimemaliza," akasema, kisha akaenda kukaa kando ya dada yake. Mke wangu akamshika kaka yake mkono, mbele ya wote, na hakuuachia.

Nikamvuta mbuzi mpaka pale walipo. Nikanyoosha kamba kwa mikono miwili, nikasema, "Mama watoto, nilikuumiza. Naomba radhi." Watu wakatazamana. Yeye hakusogea, wala uso wake haukubadilika, na kwa muda nikadhani hataki kunitazama. Ndipo nikagundua nimesimama kushoto kwake. Ikabidi nizunguke, mbuzi akinifuata, mpaka upande unaoona, nikayasema tena maneno yale yale.

Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, uso mzima, na kamba ikabaki mikononi mwangu.