Fundi alipishanisha soketi za sensa, mama mkwe akanisaidia kuzijua

Wakuu, kwema huko? Uzi huu sijautia chumvi, na majina nayataja. Atakayeumia aje ajitetee.

Nina Corolla ya zamani. Nimepona ajali ya lori la mbao, nimepona madeni ya Vicoba, nimepona na maneno ya majirani. Mafundi ndio bado wananimaliza.

Gari ilikuwa inavuja oil. Shemeji yangu Ezekia akanipeleka Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa fundi wanamwita Mapengo. Akashusha injini, akaziba, akarudisha.

"Mzee, hii sasa mpya."

Kesho yake asubuhi nikawa namrudisha mama mkwe kwao Ilula, kule Iringa. Alikuja kumuuguza mke wangu aliyevunjika mguu, na jioni hiyo wageni wa mahari ya binti yake wa mwisho wanaingia. Bila yeye hakuna kikao.

Sasa mjue, yule mama ni Mhehe wa zamani. Mkwe hamtazami wala hamsemeshi. Kakaa siti ya nyuma, kitenge mpaka puani. Mbeya mpaka Chimala tunaelewana kwa kukohoa tu.

Mbele ya Chimala ndio naona taa nyekundu ya oil inawaka. Pengine ilianza mapema, jua lilikuwa linanipiga usoni. Kila injini ikizidi kupata moto, na taa inazidi kung'aa. Mshale wa joto wenyewe umelala chini, utadhani gari iko kwenye friji.

Nikapaki. Nikachomoa kijiti cha kupimia, oil imejaa. Nikampigia Mapengo.

"Mzee, hiyo injini imekufa. Tafuta breakdown uirudishe."

Jana mpya, leo maiti!

Nikiirudisha, mahari ya watu imeharibika. Nikaweka ufunguo ON bila kuwasha: mshale wa joto ukaruka mpaka juu. Nikawasha, ukaanguka chini. Joto gani hilo la kuja na kuondoka kama umeme? Hapo nikamshtukia Mapengo.

Kwenye injini yangu kuna soketi mbili za waya mmoja mmoja. Moja ya sensa ya joto, juu pale maji yanapopita. Nyingine ya swichi ya oil, karibu na filta. Zinafanana kama mapacha, na rangi za waya zimeshakufa, zote kahawia; Mapengo kazipishanisha.

Namna ya kuzijua: chomoa zote mbili, ufunguo ON, injini imezimwa. Gusisha waya kwenye chuma cha injini, mara moja tu, usiung'ang'anie. Wa joto utapandisha mshale. Wa oil utawasha taa.

Shida ni nani aangalie dashibodi, mimi niko kwenye boneti?

Nikaona bora niongee na gari.

"Wewe gari, nimekugusa. Umeona nini?"

Mara sauti ikatoka siti ya nyuma:

"Gari linasema mshale umepanda."

"Asante, gari. Na huu?"

"Taa imewaka. Na gari linauliza, huyo fundi kabla ya magari alikuwa anachunga nini?"

Wakuu, nilicheka mpaka nikajigonga kwenye boneti. Ndani nako kitenge kinatikisika.

Nikazirudisha kila moja kwake. Nikawasha: taa kimya, mshale ukasimama katikati ukatulia.

Ilula tumefika wageni ndio wanashuka. Mama mkwe akawapita, akamwambia dada yake kwa sauti ya mimi kusikia:

"Lile gari lina adabu. Lipewe paja la kuku."

Paja nikalila kwa niaba ya gari.

Nilichojifunza: kabla fundi hajashusha injini, piga picha kila soketi na pale inapokaa. Halafu tia alama. Mimi sasa natumia rangi ya kucha ya mke wangu: nyekundu kwenye soketi, nyekundu kwenye sensa yake. Nyingine nyeupe. Na wewe Ezekia, jina la fundi usiniletee tena.

Nani mwingine karudishiwa gari lenye waya za kupishana? Mwageni hapa tucheke wote. Mapengo naye aje, ila aanze na salamu kwa mama mkwe.