Jiwe la Mbele ya Kanisa

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu uliolala upande, na kwa maneno nitakayokosea. Kiswahili cha kuandika nilikiacha darasa la nne, na tangu hapo nimekuwa nikikiongea tu na mama. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Lakini jambo hili siwezi kuliandika kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiingereza limeshaandikwa, na liliandikwa vibaya.

Jumamosi iliyopita mtu alikuwa anasugua ngazi za jengo letu hapa Thamesmead, London. Nilipofungua mlango, harufu ya saruji iliyolowa ikanipiga usoni, nikabaki nimesimama na mfuko wa takataka mkononi mpaka jirani akaniuliza kama naumwa. Ilikuwa harufu ya Jumamosi za misheni.

Nilizaliwa mashariki ya Kongo, kwenye kilima ambako mapadri wa Kihispania walijenga kanisa, shule na zahanati, kisha wakaondoka kabla mimi sijazaliwa. Walituachia alama zao: msalaba wa chuma kileleni, mnara wa kengele, makaburi matatu ya mapadri, sanamu ya Bikira Maria iliyokatika mkono, na jiwe jeusi lenye maandishi mbele ya mlango wa kanisa. Masista waliobaki waliwagawia wanawake alama hizo, na kila Jumamosi wanawake walitoka na ndoo, jivu na magunzi ya mahindi kwenda kuziosha. Binti alirithi alama ya mama yake. Mgeni akiuliza njia, aliambiwa apite kaburi la Mama Furaha, ingawa Mama Furaha alikuwa mzima na mwenye sauti kubwa.

Jiwe jeusi lilikuwa letu. Lilikuwa dogo kuliko alama zote, na mbuzi wa misheni walipenda kulikojolea. Mama aliliosha kama mtoto mchanga. Alianza juu, akashuka polepole, akipitisha ncha ya kidole ndani ya kila herufi kutoa ukungu. Alizijua herufi zile kwa kidole, kona zake zote. Kusoma hakujua.

Mama Furaha naye hakujua, lakini binti yake alikuwa darasa la sita, na siku moja alimsomea majina ya mapadri wa makaburini. Tangu hapo hatukupumua.

"Miye najua naosha nani," alimwambia mama mbele ya wanawake wote. "Weye unaosha tu jiwe. Pengine imeandikwa 'Usikojoe hapa', sasa mbuzi ndiyo hazijue kusoma!"

Wanawake walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Mama naye alicheka, lakini alicheka akitazama chini. Kisha akaniita. Mimi nina jina la baba yake, kwa hiyo mpaka leo ananiita Papa, yaani baba.

"Papa, weye unasoma sasa. Ile jiwe inasema nini?"

Nilikuwa na miaka minane. Nikainama. Herufi nilizijua zote, lakini maneno hayakuwa Kiswahili wala Kifaransa cha mwalimu. Yalikuwa Kihispania. Wanawake wote walikuwa wakinitazama, na mimi tangu utoto nikitazamwa na watu wengi kinywa kinakauka. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikamkumbuka babu.

Babu alikuwa mmoja wa vijana waliobeba mawe ya kanisa kutoka mtoni. Siku moja jiwe liliponyoka kwenye mteremko likamwua, mama akiwa bado tumboni. Walimzika ukingoni mwa mto, na mwaka mmoja mto ulipofurika, uliondoka na mahali penyewe. Mama hakuwahi kumwona baba yake, wala hakuwa na mahali pa kumwekea ua.

"Ni majina," nikasema. "Ya watu waliobeba mawe. Babu iko wa tatu."

Mama aliweka gunzi chini. "Onyesha."

Nilishika kidole chake nikakiweka kwenye mstari wa tatu. Alikaa hivyo muda mrefu. Mama Furaha alichukua ndoo yake akarudi kwa mapadri wake. Kuanzia Jumamosi iliyofuata mama alikwenda na maji ya aina mbili, ya jivu na ya maua, na mstari wa tatu ulikuwa unang'aa kuliko mingine. Nilijiona nimefanya jambo zuri sana.

Baada ya miaka miwili vita vilipanda kilima. Baba aliuawa kwenye uwanja wa shule. Mama na mimi tulitembea, tukapanda malori, tukakaa Uganda, na mwisho tukafika London.

Hapa, ukiomba hifadhi na kusema unatoka mahali fulani, maafisa wanakuuliza alama za pale. Mama alihojiwa siku nzima, mimi nikiwa chumba cha kusubiri na mchezo wa vipande vya mbao ambao nusu yake ilikuwa imepotea. Alitoka amechoka lakini ana furaha. "Wameniuliza mambo ya kwetu," alisema. "Nimewaambia yote."

Barua ya majibu ilikuja miezi mingi baadaye. Msomaji wa nyumba nilikuwa mimi, mwenye miaka kumi na mmoja. Tuliketi kwenye kitanda, nami nikawa nasoma na kutafsiri. Afisa aliandika kwamba mama alitaja vizuri msalaba, mnara na sanamu. Lakini mama alisema jiwe la mbele ya kanisa lina majina ya wafanyakazi, na baba yake yumo. Wao waliliona jiwe hilo kwenye picha ya mtandaoni. Limeandikwa kwamba padri mwanzilishi alijenga kanisa hili kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo, aliandika, hakubali kwamba mwanamke huyu aliwahi kuishi pale.

Nilipofika kwenye habari ya jiwe niliacha kutafsiri, nikaimalizia barua kwa macho tu.

"Wanasema nini tena?" mama akauliza.

"Wanasema hapana, mama. Hawaeleze."

Hiyo ilikuwa mara ya pili kumsomea mama uongo. Aliikunja barua vizuri, akaiweka ndani ya Biblia.

Siku ya wakili sikuwa na pa kujificha. Wakili alikuwa mama mmoja mpole, na mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza, sauti ya kike ya Kitanzania. "Mama, wakili anauliza kuhusu lile jiwe. Nani alikuambia kwamba majina yapo?"

Mama aligeuka akanitazama. "Papa?"

Nilimwambia kwamba majina niliyatunga. Nilisubiri kofi, au kilio, au maneno ya kurudishwa Kongo. Yeye aliuliza, "Kwa hiyo baba yangu haiko pale?"

"Haiko, mama."

"Hata mwengine? Hata mtu moja?"

"Ni padri tu."

"Padri hakubeba jiwe," alisema taratibu. "Hata moja."

"Mama," ile simu ikauliza, "hilo nimtafsirie wakili?"

Wakili aliniomba niende mahakamani nikaeleze. Nilitikisa kichwa. Alibembeleza, nikaendelea kutikisa kichwa, nikiona mbele yangu watu wote wale watakaonitazama. Basi akaandika yeye maelezo yangu. Jaji alipomwuliza mama jiwe linasema nini, mama alijibu, "Sijui. Sijui kusoma." Ilikuwa kweli tupu. Jaji aliandika kwamba amebadilisha maneno yake, na kwamba habari ya mtoto imechelewa mno. Tulikataliwa.

Miaka tisa imepita. Mama haruhusiwi kufanya kazi. Kila baada ya wiki mbili tunakwenda kupiga sahihi kwenye ofisi ya uhamiaji, na kila mara tunapanga foleni bila kujua kama siku hiyo atatoka tena na mimi au watamzuia humo. Kwa muda mrefu nilidhani ukimya wake ni hasira juu ya karatasi. Mwaka huu tu ndipo nilipofahamu. Pale kwenye mstari wa tatu alikuwa amemzika baba yake, na mimi, mbele ya wakili na simu, nilimfukua. Msiba aliokuwa nao tangu siku ile sikuujua kuwa ni msiba.

Wakili mpya anasema tunaweza kuomba tena, na safari hii nitasimama mwenyewe. Nimeshaanza kujizoeza kusema mbele ya kioo cha bafuni. Lakini nawaomba ninyi, kama mnatoka kilima kile, au wazee wenu walibeba mawe yale, niandikieni. Nileteeni majina ya waliobeba, hata moja. Kwa wakili yatakuwa ushahidi kwamba kwetu ni pale. Mama anataka tu kujua baba yake alikuwa na nani siku ile kwenye mteremko.