Jina la Mwalimu Lililogawiwa Muuza Viatu

Saa mbili na robo asubuhi, ofisi ya ghorofa ya tatu bado inanuka dawa ya kusafishia sakafu. Mwanamke wa miaka arobaini na moja anavuta kiti, anaweka chupa ya chai kando ya kompyuta na kufungua orodha ya maombi. Yako mia moja na arobaini. Mmoja amesahau nywila, mwingine ameolewa na anataka jina jipya, wa tatu amefungua akaunti nne na hakumbuki hata moja.

Wenzake humwita Bi Majina, na ameshalizoea. Anasimamia akaunti za huduma ambako watu huhifadhi kazi zao mtandaoni: masomo, michoro, orodha za bidhaa. Kila mteja huchagua jina lisilo la mwingine, na jina hilo ndilo anwani ya kila alichokiweka humo.

"Watu hudhani jina ni pambo tu," anasema. "Hapa jina ni mlango. Ukimpa mtu mwingine, umempa na wageni wako."

Analijua hilo kwa sababu aliwahi kugawa mlango wa mtu.

Miaka miwili iliyopita kampuni iliamua kufagia akaunti zilizolala mwaka mzima. Zilikuwa elfu sita. Wenyewe waliandikiwa barua pepe mara tatu. Wasiojibu wakafutwa, na majina yao yakaachwa kwa yeyote anayeyataka. Bi Majina aliimaliza kazi kabla ya siku yake, akasifiwa.

Kati ya waliofutwa alikuwemo mwalimu mstaafu wa fizikia. Kiharusi kilikuwa kimemlaza, mkono wa kulia haunyanyuki, ulimi mzito. Barua pepe angezijibuje?

Binti yake alipopiga simu, masomo aliyowawekea wanafunzi yalirudishwa kutoka nakala za akiba siku ya pili yake. Jina lilikuwa limeshakwenda kwa muuza viatu, ambaye naye huitwa hivyohivyo, jina la babu yake. Wanafunzi waliofungua somo la mwendokasi walikutana na raba za watoto.

Leo Bi Majina anasimulia akitabasamu. Siku ile alijifungia msalani akalia.

Muuza viatu hakuwa mkaidi. Alisema angelirudisha jina, ila akilibadili, anwani zote alizowapa wateja zingekufa. Ndivyo mfumo ulivyokuwa. Mkubwa wa kazi akamwambia Bi Majina aachane na habari hiyo, maji yakimwagika hayazoleki.

Hakuachana nayo. Kwa miezi kumi na minne aliwaganda mafundi akiomba mambo mawili: jina lililofutwa lipumzike miaka miwili kabla ya kugawiwa, na mtu akibadili jina, anwani zake za zamani ziwapeleke wageni alikohamia. Ikafika mahali mafundi wakimwona mlangoni wanajifanya wanaongea na simu.

Leo mabadiliko hayo yameanza kazi. Saa nne anampigia muuza viatu, anayechagua jina la duka lake na kuhakikisha kwanza kwamba kurasa zake bado zinafunguka. Kisha jina la zamani linarudi kwa mwalimu, na Bi Majina anapiga simu ya pili. Binti anapokea, anampa baba yake.

"Mwanangu," mwalimu anasema, neno moja moja, "nilipoanza kujifunza kusema tena, jina langu ndilo lililotangulia. Nikaambiwa si langu."

Bi Majina anafuta macho. "Ni lako, mwalimu. Nisamehe."

"Yamekwisha. Somo la saba lina kosa. Nataka nilisahihishe."

Bi Majina amebakiwa na ombi moja mezani kwa wakubwa: kabla akaunti haijafutwa, mwenyewe apigiwe simu. Wamemjibu kwamba hakuna mtu wa kufanya kazi hiyo.

"Yupo," anasema, akifungua orodha ya waliolala mwaka huu. "Nitapiga mwenyewe, kumi kwa siku. Asiyejibu barua huenda bado anajifunza kushika kalamu."