Gurudumu Langu Lilinipita

Mimi sikusoma sana. Darasa la tano la primaire, kule Lubumbashi, nikaacha. Lakini niambie: kati ya wasomi wote wa Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Bruxelles, na diplome zao zinazoning'inia ukutani, nani mwingine alikuwa na équipe yake, timu yake, ya mashindano ya magari? Nitajibu mwenyewe. Hakuna. Mimi nilikuwa patron, mimi nilikuwa dereva, na gari lilikuwa langu.

Lilikuwa monoplace, yale magari membamba ya kiti kimoja, magurudumu yote manne yako nje na kichwa cha dereva kinapigwa na upepo. Nililipata mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kwa Mbelgiji mmoja mzee, aliyelifungua vipande vipande akalisahau ndani ya makarton. Wakati ule nilikuwa tayari na duka langu la pneu, matairi ya gari, kule Jette, duka nililolifungua kwa mikono hii, bila mjomba, bila mtu wa kunishika mkono. Nyuma ya duka kulikuwa na nafasi. Nikaliunganisha lile gari kwa majira mawili ya baridi, likasimama.

Siku nilipolipitisha Matonge juu ya remorque, tela la kuvutwa, wanaume waliokuwa wanangoja kunyolewa walitoka nje na vitambaa shingoni.

"Tonton, ile ni motokari ao ni jeneza?"

"Mulango yake iko wapi?"

"Na bibi, atakaa fasi gani?"

"Bibi atakaa ku nyumba, ataniona mu télé!" nikawajibu.

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, alilisikia jibu hilo kabla mimi sijafika nyumbani Ganshoren. Matonge ni vile.

Équipe ilikuwa watu wawili, mimi na fundi. Fundi alikuwa mtu wa Kinshasa, amenizidi umri, nilimwita Vieux, yaani Mzee. Mfupi, mkimya, akiweka kiganja juu ya motere, injini ya gari, anajua inaumwa wapi. Yeye alisema Lingala na Kifaransa, Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Mimi Lingala yangu niliiokota kwenye baa. Tulichanganya vyote, tukaelewana. Ao tulifikiri tunaelewana.

Mwaka wa kwanza tuliingia mashindano ya ridhaa mara tatu, na mara tatu hatukumaliza. Ya kwanza motere ilikufa. Ya pili embrayage, klachi, iliungua. Ya tatu ni mimi: nilizunguka kwenye kona ya kwanza nikaingia mchangani, lakini nilizunguka vizuri mpaka watu wakapiga makofi. Kule Matonge wakatupa jina, Équipe Hatufike. Ukiingia kunywa, mtu anauliza kwa upole kabisa, "Alors tonton, mulifika?"

Mwaka wa pili tulikwenda kushindana kwenye vilima vya Ardennes. Ijumaa, Vieux alikuwa amelala chini ya gari upande wa nyuma, mimi nilikuwa ninamweleza dereva wa jirani namna ya kukata kona. Nikageuka nikauliza:

"Vieux, gurudumu ya gauche, ya nyuma, umekaza boulon?"

Vieux alikuwa na clé, spana, katikati ya meno. Akajibu neno moja.

"Lobi."

Hapa lazima nieleze. Katika Lingala, lobi ni jana. Na lobi ni kesho vilevile. Verbe inayofuata, kitenzi, ndiyo inakuambia umekwishafanya ao utafanya. Mimi sikungoja verbe. Nilisikia jana, nikarudi kwenye somo langu la kona.

Yeye alimaanisha kesho. Zile boulon, bolti za gurudumu, alikuwa amezishikisha kwa vidole tu, maana asubuhi alitaka kulitoa gurudumu tena aangalie frein, breki. Asubuhi ilipofika nikamtuma akatafute essence, petroli. Wasimamizi wakatuita mapema. Sikumngoja. Nikaingia, nikaenda.

Kwenye mzunguko wa pili nikaona gurudumu linanipita upande wa kushoto, linadunda peke yake kwa furaha. Nikasema moyoni, masikini, kuna mtu amepoteza gurudumu. Ndipo mgongo wa gari ulipokaa chini.

Sikuumia. Dereva mwingine angegeuka miguu juu, mimi nililisimamisha limenyooka kama nimelipaki sokoni. Hilo hata Vieux alikubali. Lakini siku ile nilimpigia kelele mbele ya watu, nikamwambia mambo ambayo haumwambii mkubwa wako. Akafuta mikono, akaingia kwenye camionnette, gari letu la mizigo, akafunga mlango.

Bibi yangu ni mtu wa Bukavu. Alikuwa akifanya kazi kwenye hospitali kubwa ya Jette, na kila siku alikuwa akiwageuza kitandani watu waliovunjika. Hakupiga kelele. Jumapili, baada ya misa, alimwalika Vieux, akatuweka sisi wawili mezani, akatupa bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akangoja tunawe mikono.

"Bon. Lobi ni jana ao ni kesho?"

"Maman, inategemea verbe," Vieux akasema.

"Na verbe ilikuwa wapi?"

"Iko mu kinywa. Lakini mu kinywa iko na clé."

Akanigeukia. "Na weye papa batoto, juu ya nini haukumungoja atoshe ile clé mu kinywa?"

Nilitaka kusema mimi ndiye patron. Nikamega bukari.

"Munisikiye bote babili," akasema. "Nawapa mwaka moja. Mwaka moja tu. Kama hamukumaliza hata course moja, ile kitu inauzwa. Sitaki siku moja banaleta bwana yangu ku service yangu juu ya brancard ya bagonjwa."

Nikakubali. Nikamwomba Vieux pardon palepale, jambo ambalo sikuwa nimezoea, na sombe ikapoa.

Mwaka wa tatu, course ya kwanza, yaani shindano la kwanza, mtu alinigonga kwa nyuma. Ya pili, bomba la mafuta lilipasuka. Ikabaki moja tu, ya mwisho wa majira, na mbingu ya Ubelgiji ikafungulia mvua kama kawaida yake. Duka langu lingeendelea bila gari, ninajua. Lakini mimi, kila Jumatatu nikifungua mlango wa nyuma na kuliona pale, nilikuwa mtu mwingine.

Safari hiyo bibi alikuja, kwa mara ya kwanza. Alitoka kwenye camionnette na mkoba wake wa kanisani, akatoa chupa ya vernis ya kucha, nyekundu.

"Kule hospitali," akasema, "dawa ikishapewa tunaweka alama saa ileile. Hatuulizi muntu."

Vieux alikaza boulon moja, bibi akapaka mstari mwembamba kutoka kwenye boulon mpaka kwenye gurudumu. Ikilegea, mstari utakatika, hata asiyejua lugha yoyote ataona. Boulon kumi na sita, mistari kumi na sita. Madereva wengine walicheka. Mwaka uliofuata nilimwona mmoja wao na vernis ya pinki.

Tukaondoka. Mvua ilikuwa inanipiga usoni, sioni kitu isipokuwa maji ya aliye mbele. Katikati ya course vitesse ya nne, gia ya nne, ikakataa kuingia. Nikabaki na tatu, motere inalia, wananipita mmoja mmoja. Mwishoni wa kumfikia mbele yangu alibaki mmoja tu, gari la bluu, anaogopa maji, anafunga frein mapema kila kona. Mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho, aliniachia mlango wazi upande wa ndani. Mguu wangu ulikuwa unajua la kufanya. Nilimpita mara mia kichwani mwangu. Lakini ndani ya ile kona maji yalikuwa yamesimama, na nilimwona bibi yangu nyuma ya ukuta wa kando ya njia, chini ya mwavuli, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nikainua mguu. Nikafika nyuma ya lile la bluu, wa pili kutoka mwisho, maana mmoja alikuwa bado nyuma yangu, na ile bendera nyeusi na nyeupe ya kumaliza ikatikiswa kwa ajili yangu.

Nilivua kofia nikiwa nalia, sioni haya kuandika.

"Nimemaliza! Uliona? Nimemaliza!"

"Niliona," bibi akasema. "Ni muzuri. Mais ule wa bleu. Alikuwa anaenda kama muzee wa kupeleka sadaka mu kanisa. Juu ya nini haukumupita?"

"Si ulisema nimalize!"

"Nilisema umalize. Sikusema ulale."

Vieux alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji.

Njiani bibi alikaa katikati yetu, akauliza vitesse ya nne ni kitu gani, na kwenye mvua mtu anapitwa upande gani. Mimi nikamweleza yote, na Vieux akanisahihisha. Nyumbani bibi alichukua calendrier, kalenda ya jikoni, ile anayoandika zamu zake za hospitali, akafungua mwaka mpya, akasema:

"Nipe tarehe za course zenu kwanza. Zamu nitaomba kisha."