Risasi Niliyoichagua kwa Macho

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka chakula kinanishinda. Juzi ulipokuja kuniamkia na barua yako ya ajira ya uaskari wa wanyamapori, ukaniuliza ni risasi ipi nzuri kwa kupiga mbali, nilikwambia nina usingizi. Nilikudanganya. Nilikuwa macho kabisa, ila swali lako lilinirudisha Kishapu, mahali ambapo sipendi kurudi.

Ulikuwa umeshika simu, unanionyesha majedwali: risasi hii inashuka hivi, ile upepo unaisukuma vile. Mambo mazuri hayo, siyabezi. Sisi tulijifunza kwa kupiga katoni. Lakini nilikuona jinsi ulivyokuwa unazitazama zile picha, macho yanakwenda kwenye ile kubwa kuliko zote, nikajiona mwenyewe.

Nilikuwa askari mpya wa wanyamapori, umri kama wako. Nilikuwa na bunduki ya serikali, ile tunayoiita thelathini sifuri sita, na mwalimu wangu alikuwa Mzee Nkwabi, askari mstaafu, mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alinifundisha kwa risasi ya aina moja tu, nyepesi, yenye ncha kali. Kila Jumamosi tulikwenda kwenye kichuguu nyuma ya lambo la maji la kijiji, tunabandika katoni, napiga kwa hatua mia, mia mbili, mpaka mia tatu. Akairekebisha darubini ya bunduki mpaka risasi ile ikawa inatua pale nilipolenga kwa hatua mia mbili. Kwa mia tatu nilijua inashuka kiganja kimoja, basi nainua kiganja kimoja. Nilikuwa mzuri, mwanangu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa, na uzuri huo ndio ulionipa kichwa kikubwa.

Mwaka huo risasi zilitupungukia, nikapewa kibali cha kwenda kununua mjini Shinyanga. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi mwenye miwani minene, aliyezaliwa palepale mjini na anayeongea Kisukuma vizuri kuliko hata baadhi yenu. Akaniwekea maboksi mawili mezani. Moja lilikuwa la zile zangu za kila siku. La pili lilikuwa la risasi nzito, pua butu, risasi yenyewe imechomoza kwenye ganda nene kama kidole gumba. Nikamimina mbili mkononi. Zilikuwa na uzito unaopendeza, wallahi, mtu unaona kabisa hii ikimpata mnyama hasimami tena.

"Hizi ni za nyati, kijana," akaniambia. "Za vichakani, hatua arobaini, hamsini. Kwenu kule ni mbuga tupu. Bunduki yako umeipima kwa zipi?"

"Mzee, bunduki ni ileile," nikamjibu. "Anayepiga ni mimi."

Akanitazama juu ya miwani, akafunga boksi nililolichagua. Kumbuka kwamba zote mbili zilikuwa za bunduki yangu, zote zinaingia vizuri kwenye chemba. Hapo ndipo vijana wengi mnapopotea, mkidhani ikiingia basi inafaa. Risasi nzito inatoka kwenye mtutu taratibu zaidi, pua yake butu inabishana na upepo, na kadiri unavyopiga mbali ndivyo inavyozidi kushuka kuliko ile nyepesi. Kwa karibu huoni tofauti. Kwa hatua mia tatu tofauti ni kifua na mguu.

Nilikuwa na siku nne za kuzijaribu kwenye kichuguu, sikuzijaribu. Mzee Nkwabi aliniuliza kama nimezipima, nikasema nimezipima. Kwa nini nilisema hivyo? Nilikuwa mvivu, na nilitaka siku risasi zile zikitumika mara ya kwanza watu wawe wanaangalia.

Basi watu wakawepo. Kulikuwa na fisi mmoja aliyekuwa amemaliza ndama wa watu na siku hiyo alfajiri alikuwa ameingia kwenye zizi la jirani yangu, Baba Kulwa. Jua lilikuwa limeshatoka tulipomwona anavuka mbuga kurudi kwenye mawe anakolala. Nyuma yangu walisimama sungusungu na pinde zao, kina mama na kanga zao, na huyo jirani yangu mwenyewe. Wakasema tumsogelee. Nikasema hapana, kaeni mwone.

Nikalala chini, nikainua kiganja kimoja kama nilivyozoea, nikapiga. Fisi akaanguka. Vigelegele vikapasuka nyuma yangu. Lakini mimi nilikuwa na darubini, wao hawakuwa nayo, na ndani ya darubini nilimwona anainuka na kwenda kwa miguu mitatu mpaka akapotelea mawe yalikoanzia. Mguu wa mbele wa kulia ulikuwa unaning'inia.

Sasa sikiliza hapa. Kwetu mnyama akijeruhiwa, aliyempiga anapiga mwano, ule ukelele wa hatari, kila anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele mpaka kata nzima inajua. Hakuna anayekwenda lamboni peke yake, hakuna mtoto anayetoka na mbuzi, na wanaume wote wanafuata damu. Hiyo haikuwa sheria ya serikali, ilikuwa ya watu, na nguvu yake ilizidi ya serikali. Mtu anapiga mwano wa mwizi hata kama mwizi ni mwanawe.

Mimi nikakaa kimya. Kupiga mwano kungekuwa kusema mbele ya vigelegele vile kwamba nimemkosa. Baba Kulwa akaja kunishika mkono, nikamwambia, "Huyo ameshakufa. Ameangukia kwenye mawe." Mchana nikaenda peke yangu kumtafuta, damu ikanipotea, nikarudi nyumbani kula ugali.

Siku ya tatu asubuhi Mama Kulwa alikwenda lamboni na ndoo yake, peke yake. Alikuwa na haki ya kwenda, si askari alishasema fisi amekufa? Mnyama mwenye mguu mmoja uliovunjika hawezi tena kukimbiza ndama. Fisi yule alikuwa amelala kwenye majani kando ya maji, na njaa ya siku tatu.

Mwano niliusikia nikiwa nakunywa uji. Nilikimbia, nikamwua fisi yule kwa hatua ishirini, na kwa hatua ishirini risasi ile nzito ilifanya kazi yake vizuri mno. Mama Kulwa alikuwa hai. Mkono wake wa kulia ulikatwa hospitali juu ya kiwiko. Mapacha wake, Kulwa na Doto, walikuwa bado wananyonya, na kwa miezi mingi alikuwa anapakatiwa watoto wake na mama mkwe.

Watu walipouliza kuhusu ule mguu uliovunjika, nilisema nimeuvunja mimi asubuhi hiyohiyo, na kwamba huyu ni fisi mwingine. Wakaniamini. Wakanichinjia kondoo, mwanangu, na mimi nikamla.

Mzee Nkwabi hakula. Alikuwa ameinama juu ya mzoga, ameunusa ule mguu, na kidonda cha asubuhi hiyo hakinuki. Kesho yake akanichukua mpaka kichuguuni na boksi langu, akachora fisi kwa mkaa kwenye katoni, akahesabu hatua mia tatu kwa miguu yake mwenyewe, akasema piga. Nikalenga begani kama siku ile, nikapiga mara tatu. Tulipokwenda kuangalia, matundu yalikuwa matatu, yamekaa pamoja pazuri, unayafunika kwa kiganja. Yote yalikuwa kwenye mguu.

"Bunduki nzima," akasema. "Risasi nzima. Mkono wako mzima. Sasa niambie kibovu ni nini."

Nikayagusa matundu yale kwa kidole.

"Nenda kamwambie yule mama," akasema, akakunja katoni yake akaondoka. Hakunisemesha tena mpaka alipofariki.

Sikwenda. Nilisema nitakwenda akitoka hospitali, akatoka. Nikasema akipata nguvu, akapata, akajifunza kupalilia pamba kwa mkono mmoja. Badala ya kwenda kusema, nikawa napeleka sukari kila Krismasi. Watu wakasema askari huyu ana roho nzuri. Miaka ikapita mingi, kuliko umri wako.

Mwaka juzi, nikiwa nimestaafu na presha imenianza, niliogopa kufa nalo. Mama Kulwa alikuwa amehamia Kahama, Nyasubi, anakaa kwa Doto mwenye duka la vipuri. Nikapanda basi. Akanipokea vizuri, akanipa mkono wa kushoto, akaniletea kiti na maji. Nikamweleza yote: boksi, mguu, mwano ambao sikuupiga. Nililia, sioni aibu kukwambia.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba Kabula, alinijia kwa miguu mitatu. Nilikuwa chini na ule mguu ulikuwa usoni kwangu, unanuka. Nilijua kabla sijafikishwa hospitali."

"Mbona hukusema?"

"Mwenye la kusema alikuwa wewe. Kila ulipoleta sukari nilidhani ni leo." Akavuta kanga juu ya bega la kulia. "Mkono nimeshauzoea kukosa. Kukungoja ndiko kulikonichosha. Wabeja, asante, angalau umekuja."

Akaingia ndani. Hakutoka tena kuniaga, Doto ndiye aliyenisindikiza stendi.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako, mwanangu. Risasi nzuri kwa kupiga mbali ni ile unayoijua inatua wapi, kwa hatua mia, mia mbili na mia tatu, siku ya upepo na siku isiyo na upepo. Mbugani chagua yenye ncha, inayokwenda haraka, na uzito unaotosha mnyama wako; hizo za pua butu waachie wenye nyati na vichaka. Ukiichagua, bunduki ipime kwa hiyo hiyo, na ukibadilisha boksi, hata kama ni la kiwanda kilekile, nenda kichuguuni upya kabla hujalenga kitu chenye damu. Usiyojua inatua wapi usiipige mbali. Sogea, na anayetaka kucheka acheke. Na ukimjeruhi mnyama, piga mwano papo hapo, kwa sauti yako yote, hata kama mbele yako amesimama mkuu wa wilaya na kamera zake.

Nakuombea kwa Mungu jicho zuri na pumzi tulivu. Akupe mwalimu mkali kama Nkwabi, na umsikilize kuliko nilivyomsikiliza mimi. Wanyama wakuogope na majirani wasikuogope. Na siku mkono wako utakapoharibu, kwa kuwa utaharibu, akupe miguu ya kufika kwa uliyemuumiza siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, asikae akikungoja.