Nilificha Perege Wagonjwa, Mzee wa Watu Akachomewa Nyumba

Mimi ndiye niliyekosa. Jina langu mniachie, lakini kosa ni langu, sina wa kumsingizia.

Nilikuwa mhudumu wa mabwawa ya utafiti huku Titye, Kasulu. Mtafiti wetu, tulimwita Daktari, alikuwa akiwalisha perege vyakula mbalimbali aone wepi wanakua upesi na wepi wanaugua. Mimi nilitakiwa kulisha, kuwapima, na kumpigia simu nikiona samaki ana tatizo. Basi!

Asubuhi moja nikakuta perege wa bwawa moja wanaelea. Vidonda ubavuni, macho yamevimba. Nilikuwa nimetumia wavu mmoja mabwawa yote bila kuuosha kwa maji ya chumvi kama alivyonifundisha. Uvivu tu, jamani! Nikawafukia migombani.

Daktari akapiga simu. "Samaki hawajambo?"

"Wazima kabisa, Daktari. Wananenepa."

Mdomo huu!

Akaniamini, akaruhusu vifaranga, samaki wadogo wa bwawa lile, wagawiwe wafugaji. Mmoja wao alikuwa dada yangu wa tumbo moja, mjane, anakaa Busunzu kule Kibondo. Bwawa alilichimba mwenyewe kwa jembe. Vifaranga nilimpelekea mimi. Mimi huyu huyu! Nikamwona anavyofurahi, nikanyamaza.

Haukupita muda, bwawa likajaa mizoga. Dada akanipigia analia.

"Mdogo wangu, wamenimaliza! Ni huyu mzee jirani, fundi baiskeli. Kila siku alikuwa anakuja kuchungulia maji yangu. Kanitilia sumu!"

Neno la kumwokoa yule mzee nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, "Pole, dada."

Siku hiyo hiyo watu walimvamia. Wakamchomea nyumba, na baiskeli za watu ndani. Alikimbia bila hata viatu. Nasikia ameonekana Buhigwe. Nimeenda kumtafuta, sikumpata.

Ndipo nikamwambia Daktari ukweli. Heri angenifokea! Alikaa chini, akashika kichwa.

"Ungesema siku ile, tungelitenga lile bwawa. Tunafanya utafiti ili tuone wanavyougua. Kwani nani angekufunga kwa samaki kufa?"

Kazi ikaishia pale.

Nikaenda kwa dada, nikapiga magoti, nikasema yote. Alikuwa anapepeta maharage. Ungo ukamdondoka.

"Kwa hiyo yule mzee hana kosa? Na kiberiti nilitoa mimi?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Mpaka leo simu yangu hapokei. Hata nikimfuata kanisani kwao, akiniona anatoka.

Nimechoka, ndugu zangu.

Wewe uliyekabidhiwa kitu cha watu, iwe samaki, iwe mgonjwa, mambo yakiharibika sema saa ile ile, hata kama unatetemeka. Ukinyamaza, watamtafuta mwingine wa kumbebesha, na hutaweza kumrudishia alichopoteza.

Na kama uko Buhigwe, ukakutana na fundi baiskeli mgeni, mzee, mwambie arudi. Mwambie hakuua samaki wa mtu. Mwambie ni mimi.