Baba wa Leonia Katoka Ng'ambo

Leonia binti Dunia hakuogopa ziwa hata likichafuka, lakini Kiingereza cha kusema kwa mdomo kilimkausha mate.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, ofisi ya simu mjini Kigoma ilitaka mabinti wa kuunganisha simu. Kila mwombaji aliingia chumbani peke yake kuzungumza kwa Kiingereza na mama mmoja aliyeletwa kutoka Dar es Salaam. Maswali yake yalikwisha kujulikana mpaka Gungu, pembeni mwa mji: eleza familia yako, eleza mji wenu, unapenda chakula gani. Watu walisema ni maswali ya watoto. Leonia hakuona hivyo. Ukiulizwa familia umeulizwa baba, na baba yake, Mzee Dunia, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, alizaliwa Kongo, upande wa pili wa ziwa. Siku hizo mjumbe wa nyumba kumi mtaani kwao Rusimbi alikuwa akipita kuuliza nani katoka wapi. Jirani mmoja aliitwa kituo cha polisi, na hadi leo mkewe anaweka chakula chake kando. Kwa hiyo ulimi ukiteleza, haitapotea kazi tu.

Binamu yake Ignas, aliyekuwa karani wa misheni, akampa dawa. Aseme baba ni mkulima wa kijiji cha ujamaa, ana ng'ombe watatu na anapenda kusoma.

"Kariri hivyo hivyo, usitie chumvi yako," alimwambia.

Leonia akakariri, hata akiosha masufuria midomo inacheza.

Siku yenyewe mama wa Dar alikuwa na miwani na sauti ya upole, na upole ule ndio ulimtisha zaidi. Leonia akaanza: mkulima, ng'ombe, kusoma. Mama akalaza kalamu mezani.

"Mzee huyo ameingia humu tangu asubuhi na kila binti," akasema kwa Kiingereza cha taratibu. "Ng'ombe wake nakaribia kuwajua kwa majina. Niambie baba yako wewe."

Kumbe Ignas alikuwa amemgawa baba mmoja kwa mji mzima.

Kichwani hamkubaki neno la kukariri. Yakaja mengine, yamevunjikavunjika: mvuvi, mtumbwi, dagaa. Karabai ya kuvulia usiku hakujua inaitwaje, akapampu hewani kwa mkono, na mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akaulizwa baba alizaliwa wapi. Leonia akakimbilia neno la kwao lisilotaja nchi: ng'ambo. Akalisema kwa Kiingereza alichowahi kukisikia kwa Ignas. Kumbe ng'ambo hiyo ya Ignas ilikuwa ya bahari kuu, ya Ulaya.

"Baba yako ni Mzungu?" mama akauliza.

Leonia akikubali ni mwongo, akikataa ataulizwa tena.

"Hapana, mama. Ng'ambo ya ziwa hili. Milima ile." Akaonyesha dirishani, na papo hapo akahisi kidole chake kimemshika baba shati.

"Na sasa yuko wapi?"

"Hapo nje. Kanisindikiza."

Mama akainuka, akaenda dirishani. Mzee Dunia alikuwa amesimama uani, kofia mkononi. Mama alimtazama muda mrefu, na Leonia alihesabu moyoni maaskari ambao hawakuwapo.

"Mwambie asogee kivulini," mama akasema, mara hii kwa Kiswahili. "Jua kali." Akaita binti mwingine.

Tangu hapo mlango ukibishwa, Leonia ndiye aliyetangulia. Ukabishwa mchana mmoja, akachungulia, akaona kofia ya serikali. Akamsukuma baba jikoni, nyuma ya nyavu, ndipo akafungua. Alikuwa tarishi wa ofisi ya simu, kaja na baiskeli: amechaguliwa, aanze kazi Jumatatu.

"Mbona hufurahi, dada?" tarishi akauliza.

Leonia akasema amefurahi sana. Akafunga mlango, akasikiliza mpaka kengele ya baiskeli ikapotelea barabarani, ndipo akaenda jikoni kumwambia baba atoke.